Timu ya Barafu Iliyomzuia Shabani

Mama alikataa katakata kupasuliwa mtoto wa jicho mpaka Shabani, mdogo wangu, awe kando yake. Shabani naye, kutoka Sydney, akasema hawezi kuja Tanga: yeye ni mwenyekiti wa timu ya hoki ya barafu, na timu inamtegemea. Mtu aliyekuwa akilia kuogeshwa maji ya asubuhi! Nikafunga mizigo, nikamfuata.

Uwanja wa ndege alinipokea kavaa jezi, kifua mbele. Kwenye treni ya kwenda kwake Mount Druitt akanisimulia historia. Wapakiaji wa ghala moja, watu wa pwani na Wakongo, walikutana wakachagua mwenyekiti, makamu, katibu, mlezi na kamati ya mapokezi. Wakashona jezi. Wakasoma dua, wakala biriani.

"Na kuteleza mlijifunza lini?" nikamuuliza.

"Dada, mambo huenda kwa utaratibu."

Utaratibu, yarabi!

Kesho yake nikadai kuiona timu mazoezini. Kwenye ukumbi wa barafu baridi ilinipenya mpaka kwenye meno, na vitoto vya Kizungu vilikuwa vinateleza huku vinacheka. Wa timu nilimkuta mmoja tu: Bahati, Mkongo, aliyekuwa golikipa, sasa anagawa viatu vya kuteleza mlangoni.

"Ekipe, ile timu? Ilikufaka kitambo, mama," akasema. "Tulicheza mechi moja ya ligi ndogo. Walitufunga mpaka refa akatuonea huruma. Kisha mwenyekiti na makamu wakagombana nani atatoa hotuba."

Hotuba! Ya kufungwa!

Nikamgeukia Shabani. "Umemwacha mama gizani kwa ajili ya timu iliyokufa?"

"Nilimwambia sisi mabingwa, dada. Nitarudi na uso gani?"

Mkono uliniwasha kumzaba kofi. "Mama hajui hoki ni mdudu gani, mpumbavu wee. Anakujua wewe."

Alilia palepale, mbele ya viatu. Wiki ileile tukapanda ndege.

Tanga, mama alimpapasa mashavu na masikio. Habari za ubingwa hakuuliza. "Haya, nipelekeni hospitali," akasema.

Nimejifunza nini huko nilikokwenda? Kwamba wanaume wataunda kamati ya kila kitu duniani, isipokuwa ya kumuuguza mama yao.

Bandeji ilipofunguliwa, mama alimtazama mwanawe kitambo kirefu.

"Kumbe umeota mvi, mwanangu."