Kongelateri Iliyotangulia Umeme

Pale Nyamitaba, Papa Byukusenge ndiye mtu pekee aliyenunua kongelateri, sanduku la kugandisha vyakula, kabla ya kuwa na umeme. Aliambiwa waya zinapanda kutoka Goma. Zikifika, alisema, zitamkuta tayari. Mpaka leo yuko tayari. Habari hii tumeipata kwake mwenyewe. Huwahi kuisimulia kabla mkewe hajaisimulia vizuri zaidi.

Lile sanduku jeupe lilikaa sebuleni miaka, limevikwa kitambaa kama altare, kisha likahamia upenuni. Lilikuwa na kikomeo cha chuma kinachojifunga chenyewe, na kwa ndani hakifunguki. Wajukuu walipenda kujificha humo. Mkewe, Mama Epiphanie, alichoka kuwatoa.

"Papa, ngoa huu mufuniko. Siku moja tutazika mutoto."

"Kongelateri bila mufuniko njo nini? Iko bafu!"

Mwaka huu mwana wao akawa anaoa, na harusi bila kasiksi, pombe ya ndizi, ni mkutano tu. Ndizi za pombe huivishwa shimoni, chini ya majani. Lakini shimo huchimbwa kwa mgongo, na mgongo wa Byukusenge ulikuwa umestaafu. Akili yake, ambayo hajawahi kuilaumu hadharani, ikamnong'oneza: shimo unalo, tena la Ulaya. Akainua mfuniko, akautegemeza kwa kijiti, akaingia kupanga ndizi. Alipoinama, makalio yakagusa kijiti.

Ta!

Giza. Akasukuma, akapiga ngumi. Akaita kwa sauti ya kiume, halafu kwa sauti yoyote iliyobaki. Hewa ikawa nzito. Hapo akawafikiria wajukuu, na ngumi zao ndogo kuliko zake.

Epiphanie, akimenya muhogo uani, alidhani ni mbuzi anajikuna ukutani. Mbuzi alipoanza kusali Salamu Maria, akaenda kufungua.

"Eh, Papa Byukusenge! Na weye unaiva?"

Mzee akatoka akihema, akakaa chini.

"Nilikuwa mubichi sana, Mama. Leta turnevisi."

Shemeji yake Michel akaja kusaidia. Wakafungua bawaba kwa bisibisi, mfuniko ukang'oka. Michel akazunguka nyuma, panga mkononi.

"Kaka, tukate hii mirija. Shaba iko mingi!"

"Acha! Mule muko gesi. Muzee mumoja kukosa pumuzi inatosha. Kamio ya maharagi ikishuka Sake, itaipeleka nzima kwa fundi wa frigo. Ye njo anajua kuitoa."

Kesho yake, wakati lori linasubiriwa, mjukuu wao Cindy akaruka ndani kujificha. Wenzake wote wakamwona, wakacheka.

"Babu, umeharibu muchezo!" Cindy akalalamika.

Byukusenge alikuwa bondeni kidogo, amezama hadi kiunoni ndani ya shimo la ndizi.

"Nimeuharibu kabisa, mama," akasema, akainua jembe tena.