Mngurumo wa Simi-Simi

Wivu wangu una sauti, na sauti yenyewe inatoka kwenye ekzosi ya mtu mwingine.

Wakati ule kila asubuhi nilikuwa nikimbeba kwenye pikipiki yangu dada mmoja wa mtaa wa Simi-Simi, muuza makemba, zile ndizi za kupika. Tunavuka daraja la mto Tshopo, ananunua ndizi zake kwa wakulima wa ng'ambo, kisha namrudisha sokoni na gunia lake. Nilimpenda. Nilikuwa natafuta tu siku nzuri ya kumwambia. Kugonga mlango wao sikuthubutu, na honi baba yake alikwisha kunikataza: "Hapa si nganda ya pombe. Mutoto yangu hawamuitake na klaksoni." Basi nilikuwa nasimama nje, napandisha gesi, naye akisikia anatoka.

Hapo ndipo jirani yangu, dereva mwenzangu wa kituo kimoja, alipofunga ekzosi nene inayong'aa. Akipita mbele ya nyumba ya dada, inanguruma mpaka mtaa mzima unageuka. Siku moja dada yule akaniambia akicheka, "Ya yule naisikiaka toka mbali. Namaliza chai, navaa, natoka. Ya yako, mpaka nikuje kuchungulia."

Sikulala vizuri. Kesho yake nilikwenda kwa mchomeleaji, akaniungia bomba pana, tupu ndani. Ekzosi yangu ya zamani nikaisukuma chini ya kitanda.

Loo, ilivuma! Watoto walipiga kelele. Dada alitoka mbio, na mimi nilijiona mwanaume. Lakini tulipoanza kupanda kutoka darajani, gunia nyuma, pikipiki ikaishiwa nguvu. Nakaza gesi, inalia tu, haiendi. Dada akateremka akatembea. "Kelele mingi, nguvu hakuna," alisema. Jirani akatupita, akasimama, akambeba yeye na gunia lake. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lilikuwa mimi.

Nikaanza kuutafuta ugonjwa. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha chujio la hewa, nikalaumu petroli ya chupa kwamba imechanganywa na mafuta ya taa, nikafungua hata klachi. Mlima bado ulinishinda. Ekzosi sikuigusa. Ningeigusaje, na ndiyo iliyokuwa ikimtoa dada nyumbani kwa mbio? Siku hizo zote, akisema ni "kwa sasa tu," alipanda kwa jirani.

Jirani mwenyewe akaja akanikuta nimechuchumaa. Akaitoa buji yangu, ile plagi ya injini, akaigeuza kwenye mwanga.

"Angalia, iko mweupe. Moteur inavuta hewa mingi, essence kidogo. Échappement iko wazi sana, donc gicleur ya zamani haitoshe. Miye nilitia ya kubwa. Niko na ingine ku nyumba, nitakupatia bure, ndeko, ndugu yangu."

Essence ni petroli, échappement ni ekzosi, na gicleur ni kile kipande kidogo cha shaba ndani ya kabureta, chenye tundu la kupimia mafuta. Kipande kidogo tu, na alikuwa ananipa bure. Lakini nilimtazama mkono, mkono ule uliokuwa ukifunga gunia la dada kila asubuhi. Nikamwambia asante, sihitaji. Moyoni nilisema heri nitembee kwa miguu mpaka Opala, siku nyingi za njia, kuliko kubeba kitu chake ndani ya injini yangu.

Alipoondoka nikaivuta ekzosi ya zamani kutoka chini ya kitanda, nikaifunga. Nikaenda darajani peke yangu na gunia la mchanga nyuma. Pikipiki ilipanda bila kusita. Niliimba njia nzima ya kurudi, na nikaamua kesho ndiyo siku ya kumwambia.

Asubuhi nikasimama mbele ya nyumba yao nimevaa shati la kanisani. Nikapandisha gesi. Hakuna aliyetoka. Nikapandisha tena. Ndani nilisikia vikombe, na baba mtu akikohoa. Injini ilikuwa nzima kabisa, inazunguka polepole kama cherehani.

Kisha ule mngurumo ukaanza kule kwenye kona, mbali bado. Mlango ukafunguka. Akatoka na kikapu chake, tayari anatabasamu, macho yake kwenye kona, akanipita hatua chache kabla ya kuniona.

"Ee, kumbe uko hapa? Sikukusikia."

Jirani akafika. Dada akapanda nyuma yake, akaweka mkono begani mwake bila kutafuta mahali pa kuuweka.