Goti la Meshaki

Shemeji yangu Ackson alisoma wasifu wa marehemu mbio mbio, maana mvua ilikuwa inateremka kutoka mlimani na turubai la msiba lilikuwa na matundu. Meshaki alizaliwa, akabatizwa, akasoma mpaka darasa la nane, akafanya kazi ghalani hadi walipopunguza watu, akaacha mjane na binti mmoja. Kuhusu umeme kulikuwa na mstari mmoja tu, kwamba aliongoza kamati ya umeme ya mtaa hadi mwaka 1996, alipojiuzulu. Kuhusu afya, kwamba goti la kulia lilimsumbua kwa muda mrefu.

Nilikuwa nimekaa mkekani mbele kabisa, nimejitanda khanga mbili, na hasira ikanipanda. Ackson hakuwa na kosa, masikini. Aliandika alichoambiwa, na aliyemwambia ni mimi.

Mimi Felista ni mtu wa mdomo, hapa Bulyaga wote wanajua. Sokoni hanipunji mtu. Lakini kuna jambo moja nililinyamazia miaka saba, na wasifu ule ulipita juu yake kana kwamba halipo.

Huo umeme wenyewe aliuleta Meshaki. Alipopunguzwa kazi, wenzake waligeukia mitumba na biashara za barabarani, maana ilikuwa miaka ya kila mtu ajitafutie. Yeye akashika daftari, akazunguka nyumba kumi na nne za mtaa wetu, akiwabembeleza watu wachangie nguzo. Lori lilipokwama kwenye matope, aliziingiza nguzo mtaani mabegani pamoja na majirani, wanaimba. Siku taa ilipowaka aliwasha na kuzima, akawasha na kuzima, mpaka nikamwambia ataiunguza. Sijawahi kumwona amefurahi vile, hata siku ya harusi yetu.

Sasa, nyuma ya jiko letu kulikuwa na mparachichi mkubwa. Mwezi wa tisa walikuja vijana wa umeme kupunguza matawi yaliyoelekea kwenye nyaya. Mti ulikuwa ndio kwanza umechanua, na mimi nauza maparachichi, ndiko sare za shule zilikotoka. Kwa jirani walikuwa wamekata mti wakabakiza kisiki. Nikawatokea na jembe mkononi. Maneno niliyowaambia siyarudii hapa. Wakaondoka. Meshaki alikuwa Kyela kununua mchele, na aliporudi sikumwambia.

Novemba ukaja upepo. Ulianza saa tisa mchana, na kabla ya saa kumi migomba yote ilikuwa imelala na bati za darasa zimeokotwa shambani kwa watu. Mparachichi wangu uling'oka na mizizi, ukaangukia nyaya, ukavuta nguzo mbili chini na ya tatu ukaivunja. Mtaa mzima giza. Nguzo zilikuwa zimeanguka wilaya nzima, mafundi wakaanza na hospitali, kama inavyotakiwa. Sisi tuliambiwa tusubiri wiki mbili, zikawa saba.

Siku za kwanza zilikuwa kama sikukuu. Tulikaa wote jikoni, tukachoma mahindi, tukacheka. Binti yetu Tulia alikuwa kidato cha nne, anafanya mitihani, akisoma kwa chemli mpaka pua zinatoka masizi. Pasi ya mkaa nikaishusha darini. Betri za redio tulizipanga karibu na moto zipate nguvu kidogo, Meshaki asikie taarifa ya habari. Mama mkwe wangu, Bibi Andongwisye, alisema sasa ndiyo analala vizuri, ile taa ilikuwa inamkodolea macho.

Kisha ikachosha. Maulidi, kinyozi wa mtaa wetu, mashine yake ya umeme ikawa pambo. Akarudi kwenye mkasi, na vichwa vya watoto vikawa kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Mkewe Arafa alikuwa na friji, anauza barafu za ubuyu. Zote ziliyeyuka, akazigawa bure huku analia. Mashine ya kusaga nayo kimya. Watu wakaanza kuulizana ule mti ulikuwa wa nani.

Wiki ya pili alikuja msimamizi wa mafundi kukagua. Walisimama uani kwetu, yeye, Meshaki, Maulidi na wengine. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi. Nikamsikia akisema vijana wake walikuja mwezi wa tisa kuukata mti ule, wakafukuzwa hapa hapa. Meshaki aligeuza uso akatazama mlango wa jiko. Tukaonana. Niliinamia ndizi yangu nikaendelea kumenya, mimi huyu.

"Ni kweli," alisema. "Niliwakataza mimi."

Jumapili ile alirudisha daftari la kamati. Nilipomwambia nitakwenda kusema ukweli, alinijibu kwamba naishi kwa kuuza sokoni kwa wanawake wale wale, wakinisusia tutakula nini, na Tulia yuko kwenye mitihani. Ninyamaze. Sikuwahi kumtii katika lolote, nikamtii katika hilo. Tusidanganyane, niliogopa. Nilifurahi kwamba amenikataza.

Kuanzia kesho yake alianza kubeba mahindi ya watu. Mashine ya dizeli iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa Kinyala. Kila asubuhi alifunga madebe mawili kwenye baiskeli, leo ya nyumba hii, kesho ya nyumba ile, akasukuma kupanda, akarudi jioni na unga. Hakuna aliyemtuma. Baadhi walimpa debe bila hata kumsalimia. Wiki ya tano aliteleza darajani kwenye utelezi, baiskeli na madebe vikamwangukia mguuni. Alikaa siku mbili, ya tatu akaenda tena, anachechemea. Goti lile halikupona.

Bibi Andongwisye alikuwa kibarazani siku nilipowafukuza wale vijana. Aliona yote. Hakumwambia mtu, ila alipoanza kukohoa aliniita kitandani kwake.

"Mkamwana, sema," aliniambia. "Watu wakinung'unika na mwenye kosa akanyamaza, baridi inaingia ndani ya nyumba, inaleta ugonjwa."

Nikamjibu kwamba baridi ya Tukuyu haihitaji maneno ya mtu. Akapelekwa hospitali, akachomwa sindano, akapona, nami nikamwambia unaona? Alikufa miaka mitatu baadaye na hilo neno kifuani.

Siku ya arobaini na tisa taa ziliwaka. Mtaa ulipiga vigelegele, watoto wakakimbia nyumba hadi nyumba, kwetu hawakuingia. Meshaki alikaa kwenye stuli, goti kalinyoosha, akamwambia Tulia azime, umeme usije ukaliwa bure.

Walimrudia taratibu. Walimsalimia, walikuja kula kwetu, lakini hawakumpa tena kitu cha kuongoza. Taa ikicheza kidogo, mtu atamtania, Meshaki, umepanda mti gani tena? Naye anacheka. Mara tatu nilimwambia niruhusu niseme, mara tatu akasema yamepita. Nami sikubishana, mimi ninayebishana na kila mtu.

Kwa hiyo Ackson alipomaliza, Maulidi akasimama kwa niaba ya majirani. Alimsifu marehemu kwa upole wake, kisha akasema lile giza walishamsamehe, na sasa alale salama. Watu wakaitikia kwa kunguruma. Neno lile, kusamehe, lilinichoma. Nikasimama, ingawa kwa desturi mjane hasimami kusema.

"Maulidi, hamkuwa na la kumsamehe," nilisema. "Watu wa umeme niliwafukuza mimi, kwa jembe. Yeye alikuwa Kyela, hata habari hana."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga turubai. Arafa alijiziba mdomo kwa mtandio. Tulia, ambaye sasa ni mwalimu na hakuwahi kujua, aliniachia mkono. Maulidi, kofia mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Sasa unga wetu alikuwa anaubebea nini?"

Nikamwambia sijui. Sikuwahi kumuuliza.

Ackson akaomba kalamu. Tulia akatoa yake nyekundu, ya kusahihishia. Ackson akaiweka ile karatasi kwenye paja, imeshalowa pembeni, akaniuliza aandike nini.

"Pale kwenye goti," nilisema. "Andika alivyoliumiza."