Vitambaa vya Buluu

Débora, muuza samaki wa soko la Nyakasanza, anamfahamu muzee wa matete kwa mikono yake iliyochanikachanika na sauti iliyokauka kwa kugombeza wavuvi. Kila juma muzee anashuka hadi ufukwe wa Kasenyi kupanda upya matete ziwani, pale samaki wanapozalia, akiyafunga kwa vitambaa vya buluu anavyopasua kwenye koti lake la kazi. Juzi alisimama mbele ya meza ya Débora. Watoto wa samaki, wadogo kama kucha, walikuwa wameanikwa juu ya mkeka wa matete yaliyong'olewa ziwani, na vitambaa vyake vya buluu vingali vimefungwa. Débora akangoja matusi. Muzee akafungua fundo moja moja, samaki wakimwagika matopeni.

“Muzee, uko naharibu samaki yangu!”

“Matete, bakia nayo,” akasema. “Hii vitambaa, kesho niko na kazi nayo.”