Ukuta Niliompikia Sungura

Nilipomaliza chuo kikuu na kukosa kazi, nilipanga chumba cha udongo mtaani Kawangware. Rafiki yangu wa mtaa wa Gatwekera, aliyekuwa akirudi kwao mashambani, aliniachia sungura wake. Wiki hiyohiyo sungura akaanza kutafuna ukuta.

Mtu mwingine angemtoa nje. Mimi niliketi nikafikiri. Je, anakosa madini? Ana huzuni? Anamkumbuka rafiki yangu? Nilipomaliza kufikiri, shimo lilikuwa linatosha kuingiza ngumi.

Mama mwenye ploti, yaani vyumba hivi vya kupanga, alikuwa amenionya siku nilipohamia. "Aliyekuwa humu kabla yako aliniharibia ukuta. Nilimtoa pamoja na kitanda chake."

Basi nikapika uji mzito wa unga wa ngano, nikabandika magazeti juu ya shimo, kama majirani walivyobandika kuta zao. Sungura akala magazeti. Alianza na ukurasa wa nafasi za kazi, akaumaliza haraka kuliko mimi. Nikaona labda gundi ilikuwa nyepesi, nikapika nzito zaidi. Akala. Nikatia chumvi, kwa hoja kwamba chumvi hufukuza konokono. Akalamba mpaka akafika kwenye fito.

Jumamosi asubuhi mama mwenye ploti akaja kukagua vyumba. Nilisukuma kitanda mbele ya shimo, nikamkalisha juu yake, nikampa chai. Chini yake kukaanza kusikika kr-kr-kr.

"Ni panya huyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi jioni nitaleta sumu."

Nilikuwa nimejiandalia majibu ya kila swali, lakini hakuna lililohusu sumu.

"Mama, si panya. Ni sungura. Anakula ukuta wako."

Akaweka kikombe chini, akainama, akachungulia chini ya kitanda kwa muda mrefu.

"Hii karatasi umebandika na nini?"

"Uji wa ngano."

"Na hii nyeupe?"

"Chumvi. Kidogo tu, ili asipende."

Akainuka polepole, akifunga kitambaa chake cha kichwa upya. "Kijana, hata mimi ningekula."

Hakunitoa. Alisema sungura akae nje, sandukuni, na ukuta niukandike mimi mwenyewe, kwa udongo mtupu, bila gazeti na bila chakula. Mchana huo nilikuwa uani, nimekunja suruali niliyovaa siku ya mahafali, nikikanyaga udongo. Jirani yangu, mama muuza mboga kutoka Machakos, akapita na karai lake akaniuliza kama huo nao nimeshautia chumvi.

Fito zilizovunjika nilizong'oa shimoni nilimtupia sungura sandukuni. Alizitafuna kwa raha, na hakuutaka ukuta tena. Nami nikaketi kando yake, miguu ikiwa bado na matope, nikaanza kuwaza kama fito za aina moja kila siku hazitamkinaisha.