Umeme Laini

Kaka yangu mkubwa anaitwa Injinia, na jina hilo alijipa mwenyewe. Hakusomea uhandisi wala hakuwahi kulikaribia lango la chuo chake. Akiwa darasa la tano aliifungua redio ya baba, ikaimba tena, na tangu siku hiyo hakuna kitu chenye waya ambacho hakukitolea hukumu. Nayasema haya kwa sababu nampenda, na kwa sababu bila kulijua hilo hutaelewa jinsi mtu mzima, mwenye akili zake timamu, alivyomvunjia heshima shangazi yetu mbele za watu, nami nikiwa nimesimama pale pale.

Tuna studio ya picha na video, vyumba viwili vilivyopakana na duka la viatu. Chumba cha mbele ni changu: kaunta, viti vitatu vya wateja, na pazia jeupe la kupigia picha za paspoti. Cha nyuma ni cha Injinia. Humo kuna kompyuta ya mezani, na kando yake diski mbili za nje, moja nyeusi na moja ya bluu, zilizobeba kila harusi, mahafali na mazishi tuliyowahi kurekodi. Kompyuta yenyewe imekula chumvi nyingi na matundu yake ya kuchomekea nyaya karibu yote yamekufa. Kwa hiyo Injinia alinunua kidude chenye matundu manne, akakichomeka kwenye tundu moja lililobaki hai. Tundu la kwanza likachukua diski nyeusi, la pili diski ya bluu, la tatu kipanya, na la nne simu yake.

Hiyo simu ilikuwa na itikadi yake. Injinia aliamini kwamba umeme wa ukutani ni mkali na unaua betri, lakini ule unaopitia kwenye kompyuta umeshachujwa, ni laini. Aliwafundisha hivyo wateja, majirani, na hata muuza viatu. Jioni anatazama mpira kwenye simu mpaka inazimika mkononi, na asubuhi anaingia studio na kuichomeka kwenye umeme laini kabla hata ya kuvua koti.

Shangazi alikuja kukaa kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka thelathini, akishona sare za shule, mpaka macho yalipomwambia basi. Mikono lakini haikukubali kustaafu. Wiki ya kwanza tu akaanza kuongozana nasi studio, kitambaa begani, akafuta kaunta, akafuta viti, akafuta fremu moja baada ya nyingine, na mteja aliyekaa sana alikuwa kwenye hatari ya kufutwa naye. Nilipenda kumtazama. Alinyanyua kitu, akapangusa chini yake, akakirudisha pale pale, hata mwenye kitu asijue kuwa kimenyanyuliwa.

"Miaka yote ile sikupoteza hata kifungo cha mteja," aliniambia siku moja. Sikuwahi kumsikia akijisifia kitu kingine.

Kisha diski zikaanza kukatika. Injinia anahamisha kazi, kompyuta inalia ile milio yake miwili, wa juu kisha wa chini, na diski inatoweka kwenye kioo. Anachomoa, anachomeka, inarudi. Kesho yake ni yale yale. Alibadilisha waya, akauzungushia selotepu, akageuza meza ikatazama mlango, akairudisha itazame ukuta. Mwishowe alifungua daftari, akawa anaandika tarehe na saa ya kila tukio, na baada ya wiki mbili akaniletea pale kaunta.

"Tazama. Zote kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Mchana hakuna hata moja. Sasa niambie, saa hizo nani anazunguka huku ndani na kitambaa?"

"Lakini kaka, shangazi anafuta taratibu."

"Taratibu hiyo hiyo. Waya ukiguswa umeguswa."

Daftari lilikuwa nadhifu, na mistari kaipiga kwa rula. Kitu ambacho hakukiandika humo ni saa aliyochomeka simu.

Alimwita shangazi, akamwomba kwa adabu asiiguse meza ile. "Sawa, mwanangu," alijibu, na kuanzia hapo akawa anafuta mpaka kizingitini, anasimama, anageuka. Hakuvuka. Mimi kaunta yangu inatazamana na mlango ule, kwa hiyo sisimuliwi. Diski ziliendelea kukatika, na Injinia akasema bila shaka shangazi anaingia sisi tukigeuza shingo.

Siku yenyewe alikuwepo Mwalimu, mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, ambaye bado akiingia mahali watu wanachomekea mashati. Tulikuwa tumemrekodia harusi ya binti yake. Binti alikuwa anasafiri na mumewe kwenda kuishi mbali, na mama alitaka video ile mkononi kabla hawajaondoka. Injinia alimkaribisha chumba cha nyuma ajionee kazi ikihamishwa kutoka diski nyeusi kwenda ya bluu. Ilikuwa saa tatu kasoro. Ikalia milio miwili. Alipoichomeka tena, diski nyeusi ilirudi, lakini faili la harusi halikufunguka.

"Ndiyo imepotea?" Mwalimu aliuliza.

Injinia alibofya, akabofya tena. Jasho lilimtoka. Angeweza kusema mashine imeleta matatizo, mama yule angekasirika, na mambo yangeishia hapo. Badala yake alinyoosha kidole mlangoni, alikosimama shangazi na kitambaa chake.

"Nisamehe, Mwalimu. Ni huyu shangazi yetu. Nimemkataza mara ngapi kugusa hii meza. Kila akiingia humu lazima kitu kiharibike, na kusikia hasikii."

Nilimgojea shangazi ajitetee. Alikitazama kitambaa, akakikunja mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Labda niligusa," alisema. "Sikumbuki, lakini labda."

Nilijua hakugusa. Kinywa kilikuwa changu, sikuwa nimekiazima kwa mtu. Kumbe kazi niliyoiona ya maana wakati ule ilikuwa kupanga bahasha za picha, kubwa chini, ndogo juu, huku masikio yakiniwaka moto. Mwalimu alipita mbele yangu akitoka, akasema mtu wa umri ule angekaa nyumbani tu akapumzika, na alilisema kwa sauti ya kutosha watu wote kusikia. Hadi leo nikizishika zile bahasha naona aibu.

Kesho yake shangazi alihamia kwa binti yake, upande wa pili wa mji. Hakununa. Alisema amemkumbuka mjukuu wake, akatukunjia nguo zote zilizokuwa kwenye kamba, akaondoka.

Siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi, nikiwa kaunta, nilisikia milio miwili kutoka chumba cha nyuma. Nilikwenda mpaka mlangoni. Injinia alikuwa peke yake na hakuinua kichwa.

"Umeme tu," alisema.

Nilirudi kaunta.

Wiki ile ile fundi wa kompyuta, mtu tuliyempelekea diski nyeusi aiokoe ile harusi, alikuja mwenyewe kuirudisha. Harusi ilikuwa imeokoka, ukiacha dakika chache za watu wanaoshuka kwenye magari. Aliitazama meza, akafuata nyaya kwa kidole mpaka kwenye kidude cha matundu manne, akacheka mpaka akaketi.

"Injinia, sahani moja, walaji wanne, na mmoja kaamka na njaa! Hii simu ikiwa tupu inavuta umeme wote. Diski zinakosa, zinakatika. Ikishajaa, mchana, inaacha, nazo zinatulia. Chaji simu yako ukutani kama binadamu wengine."

Akaichomoa simu, na diski hazikukatika tena. Injinia alilichukua lile daftari lenye mistari ya rula, akalisukuma nyuma ya droo.

Ungedhani alikwenda kwa shangazi siku hiyo hiyo. Alisema atakwenda Jumapili. Jumapili kukawa na kazi. Jumapili ya pili akaumwa kichwa. Hapo katikati Mwalimu akaja kuchukua video yake, akafurahi kweli, na wakati anaaga akasema, "Poleni na yule bibi yenu. Wazee wana kazi." Na Injinia akamjibu, "Asante, Mwalimu."

Mwalimu alipotoka nje nilifunga mlango. "Usipokwenda wewe, nakwenda mimi," nilimwambia, "na nitasema mpaka hiyo asante." Hakubisha. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono kichwani, akaniambia anaona aibu. Nilimwambia aibu ya kukaa nayo studio haimsaidii shangazi.

Jumapili ya tatu tukaenda, mchana, jua likiwa kali. Tulimkuta shangazi sebuleni kwenye kiti kilichoegemea ukuta, mikono kaipakata ndani ya mtandio. Tukamwamkia, akaitikia kwa uchangamfu na kutuuliza habari za kazi. Chumba kilikuwa kinafukuta joto. Aligeukia jikoni akaita, "Mjukuu wangu, njoo uwawashie wageni feni."

Swichi ilikuwa juu ya bega lake. Angenyoosha mkono tu angeifikia. Mtoto alikuja mbio, akaibonyeza, akarudi zake.

"Siku hizi mama ametuajiri wote," binamu yetu alisema akicheka, akituwekea maji. "Redio hagusi, feni hagusi, jiko hagusi. Eti mikono yake imekuwa ya kuharibu vitu." Hakujua lolote. Shangazi alikuwa hajamwambia hata mwanawe.

Injinia aliiweka glasi chini. Alihama kutoka kochi akakaa kwenye kigoda karibu na miguu ya shangazi.

"Shangazi, zile diski hukuzigusa wewe. Ilikuwa simu yangu. Nilikuwa naichomeka pamoja nazo, sasa umeme unaotoka kwenye lile tundu ni mdogo, kwa hiyo betri ikiwa—"

"Mambo ya umeme siyajui, mwanangu. Ulijua lini?"

"Wiki tatu sasa."

Shangazi alitikisa kichwa polepole. Binamu alikuwa ameacha kucheka.

"Na yule Mwalimu, umemwambia?"

Kaka yangu alitazama sakafu. "Bado."

"Ulinisema mbele yake," shangazi alisema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nimesimama pale, na watoto wake wote nimewashonea sare."

Hilo hatukulijua. Injinia alitoa simu mfukoni, akampigia Mwalimu, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie, bila kuombwa. Alisema yote: simu, kidude, fundi, wiki tatu, mpaka ile asante.

"Yuko hapo?" Mwalimu aliuliza.

"Yupo."

"Ondoa hiyo sauti ya juu. Mpe simu niongee naye."

Injinia alimnyooshea. Shangazi aliitazama ile simu, na mikono yake ikabaki ndani ya mtandio.

"Nishikie wewe," alisema. "Nisije nikaiharibu."

Kaka yangu akapiga magoti kando ya kiti, akamshikia simu sikioni. Mwalimu alikuwa na mengi ya kusema. Mkono wa kulia ulipomchoka, Injinia akaihamishia wa kushoto, akaendelea kumshikia.