Mke Mwenza Mwenye Tarakimu Sita

Miaka ya themanini, tukikaa mtaa wa Nyalenda, jirani yangu aliniambia kwenye foleni ya maji kwamba mwanamume anayetabasamu peke yake huku chakula kinapoa ana mtu. Wangu alikuwa akitabasamu hivyo mwezi mzima. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu asiyejua hata kudanganya. Nilimpekua mifuko nikakuta chaki tu. Mwishowe nikamwuliza wazi huyo mwanamke ni nani.

Akafurahi kuulizwa. Akanionyesha karatasi: 131,071. Akasema ni nambari tasa, haigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe. Aliisoma kitabuni, lakini alitaka kuhakikisha kwa mkono wake, kwa hiyo kila jioni aliigawa kwa nambari nyingine. Kila ilipomkatalia, alizidi kuipenda.

Afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke ningemfuata hadi kwao nikampa vidonge vyake. Hii ningeifuata wapi? Nilikuwa nimesuka nywele upya, naye hakuona. Nikaapa nitaivunja. Nikipata kitu kimoja tu cha kuigawa, itakuwa nambari kama nyingine, na mume wangu atarudi mezani.

Nilikuwa nauza samaki kutoka ufuo wa Dunga, na kugawa mafungu ndiyo kazi yangu. Kesho yake, wateja walipopungua, nilichukua gazeti la kufungia samaki wangu wa ngege nikaigawa kwa tatu. Ikabaki moja. Kwa tano, ikabaki moja. Nikajaribu kumi na saba, kama mafungu yaliyokuwa mezani kwangu, ikabaki moja tena. Nikacheka. Sisi wauza samaki, mmoja akibaki baada ya mafungu kutimia, hatuhangaiki naye. Anatupwa juu ya fungu la mwisho, anakuwa nyongeza ya mteja, na mambo yamekwisha.

Jioni nikamwekea lile gazeti kando ya ugali. Nikamwambia mpenzi wake amegawanyika mara tatu, na hiyo moja ni nyongeza tu.

Akaangalia. "Mama, hii haina nyongeza," akasema kwa upole. "Ikibaki hata moja, imekataa."

"Basi nyongeza kwa hii nyumba ni mimi," nikamwambia.

Hakunisikia. Siku zote yeye aliangalia tu kama imekataa; sasa alikuwa ameona kwamba mara zote imebaki moja ile ile, kwa hiyo ukiitoa hiyo moja, kinachosalia kinakubali tatu, tano na kumi na saba kwa pamoja. Akainua macho yanayong'aa, akavuta kiti changu hadi karibu na chake, akanishika mkono na kuniuliza nimewezaje kuona jambo kama hilo.

Macho hayo nilikuwa nimeyangoja mwezi mzima. Sasa yalikuwa usoni pangu, na bado yalikuwa ya yule wa karatasini. Nikasogeza sahani ya ugali pembeni, nikamwuliza tujaribu ngapi.